Mashine Iliyomwamkia Mama

Mama yangu ana sheria moja tu nyumbani: mtoto wake lazima amwamkie kabla jua halijachomoza. Mengine yote unaweza kumkosea akacheka. Ukiunguza sufuria atakuita gunia, ukichelewa kanisani atakuombea kwa sauti ya juu ili usikie vizuri, kisha yataisha. Lakini usipomwamkia, siku hiyo haifunguki. Mashati yake ya mitumba yatabaki yamefungwa pale soko la Gikomba, wateja watampita, naye atakaa juu ya mzigo wake, mikono mapajani, akitazama njia.

Sheria hiyo ilitokana na baba. Baba alikuwa dereva wa lori, na asubuhi moja aliondoka gizani bila kumwamsha mama, eti amwache alale. Hakurudi. Lori lilipinduka kwenye barabara ya Mombasa. Sijawahi kumsikia mama akililaumu lori wala barabara, alilaumu salamu. "Aliniacha kama mtu anayeacha kiti," alikuwa akisema. Tangu hapo sisi watoto wake wawili, mimi na mdogo wangu wa kiume, tukawa tunamwamkia hata kama tulilala tumegombana naye.

Kwangu haikuwa kazi. Naishi naye mtaa wa Shauri Moyo, katika nyumba ile ile tuliyozaliwa, na kati ya kitanda changu na chake pana pazia tu. Namwamkia nikiwa bado na matongotongo, ananijibu, nageukia ukutani. Mwenye shida alikuwa mdogo wangu. Alikuwa amehamia mtaa wa Baba Dogo, chumba kimoja karibu na kiwanda cha mabeseni na ndoo alikofanya kibarua, na zamu zao zilikuwa za vurugu. Wiki hii anaingia alfajiri, wiki ijayo alfajiri ndipo anatoka. Simu walikuwa wakizikabidhi langoni kwa askari. Kwa hiyo kulikuwa na asubuhi ambazo salamu zilichelewa, na asubuhi hizo mama alikuwa mtu wa kuogopwa.

Mara moja alitoka Gikomba kwa miguu hadi Baba Dogo, chupa ya chai mkononi, akamwendea askari wa lango la kiwanda na kumwuliza kama mtoto wake yu hai. Askari alidhani ni mzaha. Mama akaketi pale pale langoni, akaapa haondoki mpaka aletewe mtoto amwone kwa macho. Ilibidi aitwe. Alitoka akiwa na vumbi la plastiki kwenye nywele, wenzake wamejazana madirishani wakipiga miluzi, na mama akamimina chai kwenye kifuniko, akamshikilia mpaka akaimaliza. Kiwanda kizima kilicheka. Mwezi ule wote alikuwa akiitwa mtoto wa chupa.

Hapo ndipo mdogo wangu alipotengeneza ile skripti, programu fupi ya kompyuta.

Alikuwa amenunua laptopu kuukuu yenye ufa kwenye kona ya kioo, na saa za mapumziko alikuwa akijifundisha kwa video za bure. Alisema hatazeekea kwenye ndoo. Jumapili moja alikuja nyumbani nayo, akangoja mama aende kwenye kikao cha akina mama wa kanisa, kisha akaniita mezani.

"Sistee, kuja uone kitu."

Nikaenda na mikono yenye unga. Kwenye kioo kulikuwa na mistari michache ya maandishi, hata haikujaza ukurasa. Alinieleza polepole, akijua nisipoelewa nitakasirika. Hapa juu ni sentensi alizoandika mwenyewe, rundo zima, siku moja aliyokuwa na nafasi. Hapa chini ni saa. Saa ikifika, mashine inafungua mazungumzo yake na mama kwenye ile programu ya kuchati, inaokota sentensi moja, inangoja dakika chache ili isionekane imefika wakati ule ule kila siku, kisha inatuma. Mazungumzo yanabaki wazi pale kiooni hadi kesho. Simu yake ikiwa langoni, ikiwa imezimika, ikiwa imeanguka chooni, laptopu haijali, inatumia intaneti ya ploti. Itamalizana na mama yenyewe.

"Unamdanganya mama," nikamwambia.

"Si kudanganya. Hayo maneno ni yangu. Kwani pasta huandika sala mpya kila Sunday?"

"Mchungaji anakuwepo akiisema."

"Manze, na we pia! Si unajua mathe. Anataka tu kujua niko poa. Sasa atajua niko poa hata kama nimelala. Hapo shida iko wapi?"

Nilikuwa na jibu, na lilikuwa kali, lakini aliniwahi. Akaweka nambari yangu mahali pa nambari ya mama, akanionyesha jinsi ya kubadilisha saa, akabonyeza. Baada ya dakika chache simu yangu ikalia mfukoni. *Mama, umeamkaje? Mimi niko sawa, naenda kazini.* Kuitwa mama na mtu niliyemfuta kamasi kulinichekesha mpaka unga ukaingia kwenye vitufe. Mimi ni mwepesi wa hasira, na kicheko changu ni chepesi vile vile. Nikamwambia aendelee na uganga wake, ila siku mama akigundua asinitaje.

Watu hunisikiliza nikisimulia hadi hapa, wakatikisa kichwa, wakasema vijana wa siku hizi hawana upendo. Huwa nawakatiza. Kijana asiye na upendo hatengenezi mashine ya kumwamkia mama yake. Anamwacha tu akae juu ya mzigo. Mdogo wangu alikuwa akimpigia jioni akipata nafasi, na Jumapili ya mapumziko alikuja kula kwetu hadi tukamfukuza. Alichokuwa amechoka nacho ni kuogopa alfajiri.

Na mama alichanua. Yule aliyekuwa akikaa na uso uliokunjamana sasa alifika Gikomba kabla ya wenzake, simu imeshikwa juu, akiwasomea majirani wa pale sokoni maneno ya mwanawe. Alijifunza kumjibu. Anaandika kwa kidole kimoja, anatoa ulimi kidogo, na hatumi mpaka amerudia kusoma. Kwa kuwa mazungumzo yale yalikuwa wazi kiooni Baba Dogo kutwa kucha, kila alichoandika kilipata tiki mbili za buluu papo hapo. "Unaona?" alimwambia muuza viatu wa kando yake. "Ameshanisoma. Wako anakusoma lini?" Muuza viatu akaguna. Wanawe walikuwa wakimsoma mwisho wa mwezi.

Nilimwona akiringa, nikanyamaza. Ukimwona mama yako anaringa baada ya miaka ya kutazama njia, unanyamaza.

Mambo yalikwenda hivyo hadi Jumamosi moja ya msimu wa baridi. Kazini kwetu, ofisi ya kampuni ya malori ninakopanga karatasi za mizigo, Jumamosi tunafunga saa saba. Mchana nikaenda Gikomba kumsaidia mama. Asubuhi ile alikuwa ameshapata salamu zake na alikuwa na furaha. Aliniachia mashati akaenda kutafuta chakula. Akaja mwanamume mmoja wa makamo, mtu wa Magharibi mwa Kenya kwa lafudhi yake, akitafutia watoto viatu vya shule. Akanitazama, akatazama mashati, akanitazama tena. Akaniambia nafanana na mdogo wangu, anafanya kazi naye, na kwamba alikuwepo siku ile mama alipokuja langoni na chai.

"Dada, yule ndugu yenu alipata kazi ingine? Hata hakutuaga."

"Kazi gani? Si yuko huko kwenu?"

"Haiya, dada. Wiki inaisha hajakanyaga. Nafasi yake ilipewa mtu siku hiyo hiyo ya kwanza."

Kibarua ndivyo alivyo. Asipofika hakuna anayeuliza, kwa sababu langoni kuna foleni ya watu wanaoomba asifike. Nilifungua kinywa kumwambia kwamba haiwezekani, amemwandikia mama leo alfajiri. Kisha nikaikumbuka laptopu. Gikomba nzima, kati ya watu wote waliomsikia mama akisoma salamu zile, ni mimi peke yangu niliyejua kwamba hazikuhitaji mtu.

Nikapiga simu yake. Ile sauti ya kike ikaniambia mteja hapatikani. Katikati ya wiki ilikuwa imeniambia hivyo hivyo, nikasema ni betri.

Mama aliporudi na chapati nilimwambia nakwenda Baba Dogo kumwona kijana, nina hamu naye. Hakushangaa. Akainama chini ya meza, akatoa shati la mistari alilokuwa amelificha wateja wasilione. "Mpelekee. Kola yake haijachakaa. Mwambie alijaribu kabla ya Jumapili." Nikalitia kwenye mkoba. Lilikaa humo katika yote yaliyofuata.

Chumba chake kilikuwa na kufuli nje. Jirani alisema hajamwona siku nyingi, alidhani amekwenda nyumbani Ukambani. Nilimpigia mjomba, ndugu yake mama, ambaye ni mchonga vinyago na kiwanda chake kiko hapo hapo Shauri Moyo. Alikuja na vumbi la mbao kwenye nyusi, na tukaanza kuzunguka. Kituo cha polisi, hospitali, kituo kingine, hospitali nyingine. Jioni nilirudi nyumbani nikamwambia mama nilimkosa, yuko kazini. Jumapili nikamwambia nimesahau kitu ofisini. Kila alfajiri simu yake ililia, na kila alfajiri alinisomea kupitia pazia.

Jumatatu asubuhi tulimpata. Sitaitaja hospitali, na sina neno baya juu yao. Walifanya walichoweza kwa mtu aliyeletwa hana jina. Gari lilimgonga akivuka barabara alipotoka zamu ya usiku. Waliomfikia kwanza walichukua simu na pochi, waliomfikia baadaye wakamchukua yeye wakamleta. Kitandani waliandika kwamba ni mwanamume asiyejulikana. Aliishi siku kadhaa. Alikufa Alhamisi.

Muuguzi aliyemhudumia alikuwa mwanamke mpole. Mjomba alimwuliza kama alisema lolote.

"Aliita mama," akasema. "Tulimwambia mama anakuja. Huwa tunawaambia wote hivyo."

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Mdogo wangu hakuwepo, na lake lilikuwepo kila alfajiri, halikukosa hata siku moja. Alhamisi ile nakumbuka mama alinisomea: *Mama, leo nimeamka na nguvu kama za ng'ombe.* Tukacheka, mimi upande wangu wa pazia, yeye upande wake.

Nilipoonyeshwa mwili sikulia. Nilikasirika. Nilimgombeza pale chumba cha maiti, mjomba akinivuta mkono. Nilimwambia wewe na ujuaji wako. Nilimwambia kama ungekuwa mvivu tu kama watoto wengine, ukanyamaza asubuhi moja, mama angefunga safari na chupa yake. Angefika langoni kwenu, angefika polisi, angefika hapa. Angekukuta unapumua. Mwanamke yule angeigeuza Nairobi yote chini juu kwa ajili ya salamu moja iliyochelewa, na wewe ukamtuliza. Mjomba alinitoa nje. Nilikuwa nimeushika mkoba wenye shati kifuani.

Kwetu mtu hapewi habari ya msiba kwa simu, wala sokoni, wala amesimama. Mjomba alimwita mchungaji, mchungaji akawaita akina mama watatu wa kanisa, na mmoja wao akatumwa amrudishe mama kutoka Gikomba kwa kisingizio. Alipoingia alitukuta tumeketi. Kama mwenye nyumba yeyote, alikimbilia kuwasha jiko, na wageni wakasema hawatakunywa chai. Wageni wengi wakikataa chai kwa pamoja, mtu mzima anajua.

"Nani?" akauliza. "Ni shangazi wa nyumbani?"

Mjomba akamwambia keti kwanza, dada. Akaketi. Mjomba ni mtu wa kuchonga, si wa kusema. Alilitamka neno moja kwa moja, na jina la mtoto. Akina mama wakamsogelea mama pande zote mbili kumshika.

Mama aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Kisha akacheka.

"Mmechanganya watu," akasema, akaitoa simu kwenye kifua cha nguo. "Huyu hapa. Ameniandikia leo asubuhi."

Akampa mchungaji. Mchungaji akavaa miwani, akasoma, akaigeuza simu kama aliyetaka kuona nyuma yake pana nini. Mama wa kanisa mmoja akasoma juu ya bega lake, akainua mikono. "Bwana asifiwe!" akapaza. "Asifiwe!" wenzake wakaitikia, na nikaona jinsi furaha inavyoweza kuingia katika chumba na kukaa mahali isipopaswa. Hata mjomba, aliyeuona mwili pamoja nami, alinigeukia kwa macho ya mtu anayeomba aambiwe amekosea.

Ikabidi nieleze. Nilisimama katikati ya chumba cha mama yangu, nikaeleza habari za skripti, saa, rundo la sentensi, laptopu iliyoachwa kwenye umeme. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikika mwendawazimu.

"Yaani ni pepo?" mchungaji akauliza kwa upole.

"Si pepo. Ni kompyuta."

"Inaandika yenyewe?"

"Aliiandikia yeye. Alipokuwa hai."

Mama alikuwa amenisikiliza bila kupepesa. "Sawa," akasema. "Kompyuta inaandika. Na kusoma je? Mimi humjibu kila siku, na kila siku ananisoma. Tazama, ni buluu. Mfu anasoma?"

"Mama, mimi nimemwona."

"Umeona mtu. Mtu aliyegongwa huvimba. Wewe tangu utotoni una haraka." Akavuta kanga begani. "Siendi kumlilia mtoto wa mwenzangu. Mwambieni mama yake, maskini, huko aliko, kwamba mwanawe amelala peke yake."

Hapo tukakwama wote. Kwetu msiba hauanzi kwa tangazo, unaanza kwa kilio cha aliyezaa. Mpaka alie, hakuna wa kumtangulia, hakuna kiti kinachotolewa nje, hakuna simu inayopigwa Ukambani kuwaambia wazee wachague mahali pa kaburi. Majirani walikuwa wameanza kusimama mlangoni, wakinusa jambo, wakingoja. Na mdogo wangu alikuwa kwenye droo ya baridi, hana hata mtu mmoja wa kumlilia, kwa sababu mama yake alikuwa na ushahidi kwamba yuko kazini.

Nikamshika mjomba mkono, tukapanda pikipiki mbili hadi Baba Dogo.

Kufuli aliling'oa kwa patasi yake. Ndani kulikuwa safi kuliko nilivyotarajia: kitanda kimetandikwa, sufuria imefunikwa, soksi kwenye kamba. Laptopu ilikuwa juu ya meza inavuma. Kwenye kioo chenye ufa mazungumzo yalikuwa wazi, na maneno ya mama yalikuwa yamepangana upande wake, marefu kwa mafupi, chini ya kila salamu.

*Asante mwanangu. Mungu akulinde kazini.*

*Dada yako ameamka na hasira tena. Leo amegombana na kiberiti.*

*Nimekuwekea shati la mistari. Kola haijachakaa.*

*Mbona mchana hunijibu? Najua ni kazi. Basi.*

*Nimeota umesimama mlangoni nikakwambia ingia. Uko mzima?*

Huo wa ndoto aliutuma Alhamisi. Chini yake, Ijumaa alfajiri, mashine ilikuwa imemjibu bila kujua imemjibu: *Mama, niko mzima, usijali.* Nikaketi kwenye kitanda cha mdogo wangu, na ndipo nikalia, mjomba amesimama mlangoni amenigeuzia mgongo, patasi mkononi.

Tuliirudisha laptopu Shauri Moyo ikiwa wazi, nimeikumbatia kwenye pikipiki. Jua lilikuwa bado halijashuka. Hakuna aliyekuwa amejongea pale nyumbani, mama alikuwa pale pale kwenye kiti chake, simu mapajani, akina mama wakiimba kwa sauti ya chini wimbo usio wa furaha wala wa huzuni. Niliiweka mezani mbele yake, nikawasha intaneti ya simu yangu ili laptopu ipate mtandao.

"Tazama mikono yangu, mama," nikamwambia.

Nikatafuta ule mstari wa saa alionionyesha. Nikafuta alfajiri, nikaandika saa ile ile tuliyokuwa nayo. Nikabonyeza, nikaondoa mikono juu ya meza, nikaiweka magotini ambapo aliweza kuiona. Tukangoja. Zile dakika chache alizoziweka ili isionekane ni mashine zilikuwa bado zimo, na chumba chote kilizingoja.

Simu ya mama ikalia mapajani mwake.

Akaisoma. *Mama, umeamka salama? Siku njema huko Gikomba.* Nje watoto walikuwa wakicheza mpira, ilikuwa jioni. Akaitazama laptopu, ambapo maneno yale yale yalikuwa yametokea mbele ya macho yake.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Tukangoja tena. Simu ikalia.

"Rudia."

Mara ya tatu mashine iliokota sentensi niliyoifahamu hata mimi. *Mama, nimeota unapika muthokoi, nimeamka na njaa.* Sentensi hiyo ilikuwa imefika miezi ya nyuma, na siku hiyo mama aliacha biashara, akatafuta mahindi mazuri yaliyokobolewa, akaloweka, akachemsha kutwa nzima, na kesho yake akaibeba muthokoi ile moto hadi Baba Dogo kwa mkono wake mwenyewe. Mdogo wangu aliila yote. Hakumwambia kitu.

Akina mama walikuwa wameacha kuimba.

"Hakuwa ameota?" mama akaniuliza.

"Sijui, mama. Labda aliota siku alipoandika."

"Aliandika lini?"

"Zamani. Zote siku moja."

"Zote," akasema. Akaanza kupandisha kidole juu ya kioo cha simu, salamu moja baada ya nyingine, kurudi nyuma, na majibu yake marefu chini ya kila moja. Nilitamani kumshika mkono asiendelee, lakini sikuthubutu.

"Na mimi," akasema, "nilikuwa namjibu nani?"

Mchungaji alivua miwani. Mjomba aliangalia sakafu. Mama akaiweka simu mezani, taratibu, kando ya laptopu, akajifunika kanga kichwani, na kilio kikatoka, kile ambacho majirani walikuwa wakikingojea mlangoni. Wakakiitikia nyumba kwa nyumba, na nikasikia viti vya kwanza vikiburutwa nje. Tangu mchana nilikuwa nimehangaika ili mama aniamini. Alipoanza kulia, nilitamani anibishie tena.